Saba na Mbili

Poka, ule mchezo wa karata, pale kiwanda cha sabuni nimeileta mimi, na mtu asinibishie. Kabla yangu walirusha sarafu kuamua nani ateremke kwenye tangi la mashapo kulisafisha. Msimamizi hakutaka lawama. "Pangeni wenyewe," anasema, kisha huyoo, anakwenda zake kula.

Kanuni tuliiweka nyepesi. Kila mmoja anapewa karata mbili, anazitazama, anaamua: anatupa au anabaki. Anayetupa anabeba ndoo huku juu, basi. Wanaobaki wanafunuliwa karata tano za katikati, wanazioanisha na zao. Aliyeshindwa anateremka, aliyeshinda anashika kamba. Akibaki mmoja tu, hana wa kushindana naye, na tangi linangoja wiki ijayo.

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, kazi ile nilimtafutia mwenyewe. Na karata nikamfunza.

"Ndogo, zisizofuatana, zisizo za aina moja, tupa. Usizionee huruma. Mbaya kuliko zote ni saba na mbili. Hizo hata uzibembeleze vipi, hazizai."

Alikuwa msikivu, jamani. Alitupa zaidi kuliko alivyobaki, na miezi minane hakuteremka hata mara moja.

Ijumaa hiyo tangi lilikuwa na jambo. Asubuhi lilinuka mayai viza mpaka mpishi wa sabuni akatapika. Kufika saa sita mchana hatukusikia tena harufu yoyote, na mashapo bado yanatoa mapovu. Mende walikuwa wamekufa chali kuuzunguka mfuniko.

"Afadhali limepoa," akasema fundi mitambo, tuliyemwita Spana kwa sababu ya taya lake.

Mimi sikuipenda ile afadhali; hewa ilikuwa bado mbaya, pua zetu ndizo zilizochoka. Nilitamani siku hiyo lisifunguliwe kabisa.

Tukakaa juu ya magunia ya magadi, watatu: mimi, shemeji na Spana. Spana akagawa. Nikachungulia zangu: saba ya kopa, mbili ya shupaza. Lo!

Spana akatupa zake. Shemeji akasema, "Nabaki," tena polepole, nikajua ameshika kitu kizito. Kilichobaki ni mimi kutupa tu. Abaki peke yake, mfuniko usiguswe, twende zetu nyumbani.

"Haya, mwalimu wa kutupa," Spana akacheka. "Ijumaa ya nne hii unatupa. Ndoo zimekuzoea mpaka zinakuita baba."

Watu wa mapipa, waliosimama kututazama, wakaangua kicheko. Damu ikanipanda. Mimi mtu mzima na mvi zangu, nichekwe na mwenye taya kama lile?

"Nabaki," nikasema.

Shemeji akanitazama. "Una uhakika, shemeji? Bado unaweza kutupa."

"Cheza, acha maneno."

Spana akafunua: mfalme, saba, tisa, mbili, nne. Mwili ukanisisimka. Jozi mbili, zinazoshinda jozi moja yoyote, kutoka kwenye takataka! Shemeji akaweka zake chini taratibu: ree mbili, jozi bora kuliko zote mtu anayoweza kuanza nayo. Alikuwa amecheza sawasawa, kama nilivyomfunza, nami nimemshinda kwa upuuzi. Na Mungu anisamehe, nilipiga kofi gunia kwa furaha.

Hakulalamika. Akajifunga kamba kiunoni, akalijaribu fundo.

"Nikivuta mara mbili, nitoe."

Akateremka. Alipofika kidato cha sita cha ngazi, kamba ikawa nzito mkononi mwangu. Hakuvuta hata mara moja. Nikavuta mimi, akavuta Spana, wakavuta watu wa mapipa huku wakipiga mayowe. Tulimtoa midomo imegeuka rangi. Tulimpepea, tukamwita, tukambonyeza kifua. Hakuamka.

Jioni mdogo wangu alinivuta pembeni, kwenye chumba chao, wageni wakiwa wamejaa sebuleni. Macho yalikuwa makavu.

"Kaka, nimeambiwa mlibaki wawili. Ungetupa, asingeteremka."

"Ndiyo."

"Karata zako zilikuwa nzuri?"

Nilimlea yule mtoto tangu mama atutoke.

"Nzuri," nikasema. "Nzuri sana."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Basi usijilaumu, kaka. Hata yeye angebaki."