Wasikilizaji wa Mlangoni

Jana, mara tu nilipopitiwa na usingizi, niliota nimeitwa barazani kujibu shtaka la kumpendekezea mama yangu tamthilia.

Baraza lilikuwa sebuleni kwetu Muheza, ila kuta zilikuwa za bucha, zenye vigae vyeupe na ndoano. Mwenyekiti alikuwa rimoti ya tivii yetu. Kifuniko cha nyuma hana, betri zake zimefungwa kwa mpira wa kufungia noti, na kila akisema sentensi mbili tatu anakwama mpaka apigwe kofi la mgongo.

"Mhina," anasema rimoti, "unajua kwa nini tumekuita?"

"Sijui, mzee."

"Nipige kidogo."

Nampiga kidogo.

"Mama yako ameulizwa maoni juu ya tamthilia uliyompendekezea. Amejibu kwamba ni nzuri."

"Sasa hapo kosa liko wapi?"

"Nzuri tu. Hakuongeza neno."

Nilitaka kukaa, nikashindwa. Kila nikikisogelea kiti, nacho kinasogea. Na kusema kweli hata nikiwa macho jambo hilo la nzuri tu lilikuwa halinipi raha. Mimi nafanya kazi Morogoro, Mama anaishi peke yake Muheza tangu baba alipofariki, na kila jioni tamthilia ikiisha tunapigiana simu kupeana maoni. Hayo ndiyo mazungumzo yetu. Hatujui kuzungumza mengine. Habari za afya tunazimaliza kwa pumzi moja, kisha tunaingia kwenye mambo ya maana, yaani nani kamsaliti nani.

Na Mama hakuwa mtu wa kusema nzuri. Mama aliwahi kumtazama kijana mmoja wa kwenye tamthilia akinywa chai kwa wakwe, akaniambia, "Huyu ana mke pengine. Mtu asiye na mke hashiki kikombe kwa utulivu ule." Wiki tatu baadaye mke akajitokeza, na watoto wawili. Mama hakushangilia. Alisema tu kwamba hata watoto wanashika vikombe vile vile.

Miezi miwili iliyopita tamthilia hiyo ikaisha, nikampendekezea nyingine. Ile ya kwanza ilikuwa imeingizwa sauti za Kiswahili. Hii wahusika wanaongea lugha ya kwao, maneno yetu yanapita chini ya skrini. Toka hapo, kila nikipiga simu: nzuri, mwanangu. Nzuri sana. Nikadhani amenikasirikia kwa kuwa Idi sikwenda. Nikadhani anaumwa, ananificha. Namuuliza, anasema mzima. Nakata simu, nazunguka chumbani kama kuku anayetaka kutaga.

"Lete mizani," anasema rimoti.

Mizani ya bucha inaletwa. Upande mmoja wanaweka yale maoni ya kikombe cha chai. Sahani inashuka hadi inagonga meza. Upande wa pili wanaweka neno nzuri. Sahani haitikisiki. Inzi akatua juu yake, ikashuka kidogo.

"Hiyo ni ya inzi," anasema rimoti. "Sasa sikiliza hukumu. Nipige kwanza."

Nampiga.

"Mpendekezaji ndiye mbebaji. Utaibeba tamthilia yako kichwani, umpelekee mama yako, umuulize kwa mdomo wako ana nini. Una muda wa matangazo matatu. La sabuni, la mafuta ya kula, na la benki. Benki likiisha, mlango unafungwa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka msimu ujao, kama utakuwepo."

"Kama kutakuwepo msimu, au kama mimi nitakuwepo?"

Rimoti alikuwa amekwama. Nikampiga, akabadilisha stesheni.

Nikatwishwa tamthilia. Ndani yake mna nyumba ya ghorofa yenye ngazi mbili, harusi iliyoahirishwa, magari meusi saba, na mzee tajiri aliyezimia tangu sehemu ya pili. Shingo inazama mabegani. Juu huko watu wanagombana kuhusu urithi, na kila mmoja akipiga hatua kwa hasira mimi nayumba.

"Kijana," anasema mzee aliyezimia, kwa adabu kabisa, "ukiweza nielekeze dirishani."

"Wewe si umezimia?"

"Nimezimia, lakini jua nalipenda."

Tangazo la sabuni tayari limeanza. Mwanamke anafua mashati kwa furaha isiyo ya kawaida. Nakwenda mbio. Barabara ya Muheza ninayoijua imekuwa zulia jekundu, na zulia limepanda ngazi, na ngazi zimeingia ndani ya ile nyumba ya ghorofa niliyokuwa nimeibeba kichwani. Sikujiuliza imekuwaje. Kichwani mzigo ulikuwepo bado, miguuni sakafu yake ilikuwepo pia.

Sebuleni amekaa yule shangazi mwovu, aliyewatenganisha wachumba. Ananikaribisha juisi.

"Ina sumu?" namuuliza.

"Ndiyo. Kidogo."

"Basi sinywi, shangazi. Nina haraka, namtafuta mama yangu."

"Wote mnasema mna haraka," anasema, anairudisha juisi kwenye friji. Alionekana ameumia. Kwenye simu nilishamtukana sana mwanamke huyu, na sasa nikamwonea huruma, maana friji lote lilikuwa limejaa glasi ambazo hakuna aliyezigusa.

Tangazo la sabuni likaisha. La mafuta ya kula likaanza. Nikasikia maandazi yanakaangwa mahali fulani ukutani.

Kwenye korido nikamkuta bibi harusi. Amesimama na shela, mdomo wazi. Amekuwa akitaka kusema jambo tangu wiki iliyopita, na kila akianza, mtu anaingia.

"Dada, samahani. Umemwona mama yangu? Mwanamke wa Muheza, mrefu, anapenda kukosoa."

"Mama yako," anasema bibi harusi, "hajawahi kuingia humu ndani."

Hapo ngoma ikapigwa. Uso wangu ukasogelewa na kamera kutoka kushoto. Ukasogelewa kutoka kulia. Ukasogelewa kutoka mbele, taratibu, mpaka nikaona vinyweleo vyangu mwenyewe. Huruhusiwi kuondoka kabla ya picha zote tatu kwisha. Nilijaribu kugeuka, shingo ikarudishwa. Mafuta ya kula yanaisha huku nikiwa nimetumbua macho.

"Lakini kila jioni anaangalia," nikasema niliporuhusiwa. "Ananiambia ni nzuri."

"Walioko mlangoni ndio wanaosema hivyo."

"Mlango upi?"

Akafungua mdomo anijibu. Mhudumu akaingia na sinia la chai. Bibi harusi akaufumba mdomo wake, akanipungia mkono kwa uchovu.

Tangazo la benki limeanza. Familia imesimama mbele ya nyumba mpya, wote wanacheka kulitazama paa. Nafungua mlango wa kwanza kwa bega. Nyuma yake ameketi mtu kwenye kigoda, sikio ubaoni. Mlango wa pili, mwingine. Sasa naelewa. Nyumba kama hii kila mlango una mtu wa kusikiliza kwa nje, bila hao siri zisingetoka. Wako wengi kuliko nilivyodhani. Wana thermosi za chai, wana kanga za kujifunika, wanapokezana zamu.

"Mama Mhina yupo?" nawauliza.

"Yule mgeni? Mlango wa mwisho. Mwambie zamu yake imepita, lakini hataki kuondoka."

Kwenye mlango wa mwisho ndipo nilipomkuta. Ameketi kwenye kigoda chake cha mbuzi, kile cha kukunia nazi, na ungo mapajani. Sikio ameliegemeza mlangoni. Chini ya mlango, kwenye ule mwanya, yanatoka maneno meupe, madogo, mstari mmoja, yanafuatana. Mama anayakusanya kwa kiganja, anayatia kwenye ungo, anayapekua kwa vidole kama anayechagua mawe kwenye mchele.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Kimya kwanza. Mle ndani mtu anacheka."

Nikachungulia. Hakuna aliyekuwa anacheka. Bwana harusi alikuwa amepiga magoti mbele ya baba yake, analia.

"Analia, Mama."

"Analia?" Akafikiri. "Siku zote hizi nilijua ana furaha. Nikawa nasema moyoni, kijana gani huyu, kila kukicha anachekelea."

Nikautua mzigo. Magari yakagongana, mzee aliyezimia akashukuru. Nikachuchumaa mbele ya Mama. Ananitazama, lakini macho yake yanaishia begani kwangu, kama kuna mtu mwingine amesimama nyuma yangu anayempenda vile vile. Niligeuka. Hakukuwa na mtu.

"Mama, mbona huingii ndani ukaangalia?"

"Nikiingia naona ukungu. Humo na hapa ni mamoja. Heri mlangoni, nasikia vizuri." Akachukua neno moja kwenye ungo, akalisugua kwa dole gumba, akanipa. "Hili ni lipi? Yale mengine ya zamani yalikuwa yanasema yenyewe. Haya yako hayana sauti."

Nikalisoma. "Nisamehe."

"Na hili?"

"Baba."

"Na hili?"

"Usiende."

"Kumbe," alisema. Akayapanga matatu hayo pembeni ya ungo, mbali na mengine. "Kumbe alikuwa anasema hivyo."

Familia ya benki imeshaingia ndani ya nyumba yao. Baba wa familia anashika kitasa. Natamani nimvute Mama tuondoke, natamani nibaki nisome ungo mzima, miguu inataka kwenda na mikono inataka kukaa. Nikauliza kile nilichotumwa kuuliza.

"Mama, toka lini huoni?"

"Toka kabla ya mfungo."

"Mbona hukuniambia?"

Anapekua ungo kana kwamba jibu liko humo, halafu anauacha.

"Ningekuambia, ungeacha kunipigia maoni. Ungenipigia simu za ugonjwa. Umekula, umemeza dawa, pole Mama, kwaheri Mama. Zile siziwezi, Mhina. Mimi nataka nipigiwe nigombane na mtu kuhusu wakwe."

Nikataka kumwambia kwamba mimi pia. Kwamba nikiwa Morogoro sina mtu mwingine wa kugombana naye kuhusu wakwe, na kwamba hizi jioni za nzuri zilinifanya nijione yatima. Nikafungua mdomo.

Mhudumu akaingia na sinia la chai.

Na benki likaisha. Juu ya mlango neno ITAENDELEA linateremka, la chuma, herufi kubwa, linakwaruza kwenye reli zake kama shata la duka linalofungwa. Nalishika kwa mikono miwili lisimfikie Mama. Ni zito kuliko tamthilia. Mama hajali. Ananyoosha neno jingine gizani, ananiuliza, "Na hili, baba?" nami silioni, kumeshakuwa na giza, kwa mara ya kwanza sote wawili hatuoni, nalipapasa kwa vidole nijue herufi ya kwanza.

Nikaamka.

Jua lilikuwa limeshaingia dirishani, Jumapili, wapangaji wenzangu wanafua uani. Joto la Morogoro lilikuwa limenifanya nivue kila kitu, nikabaki na taulo kiunoni. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikijiambia kwamba ndoto ni ndoto, na kwamba jana nilikula maharage mengi. Nikasimama. Nikakaa tena. Nikachukua simu.

Huwa nampigia ya kawaida. Ya video Mama haipendi, anasema inakula bando. Leo nikapiga ya video.

Ikapokelewa. Nikaona sikio, hereni, na ncha ya mtandio.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Mbona asubuhi?"

"Nimekukumbuka tu. Mama, hii ni ya video. Itoe sikioni, unitazame."

"Ala." Picha ikayumba, nikaona dari, kisha uso wake wote. Alikuwa na afya njema, mashavu yamejaa. Akatabasamu, akakodoa kidogo kuelekea juu ya simu. "Haya, nakuona. Nakuona vizuri kabisa. Umenenepa, alhamdulillahi. Na hilo shati limekukaa."

Nikajitazama kifua. Kilikuwa wazi, na jasho linateremka.

"Asante, Mama," nikasema. "Jana uliangalia?"

"Niliangalia. Nzuri."

"Mama, Jumamosi nakuja. Twende hospitali wakakutazame macho."

Tabasamu lilibaki pale pale usoni, amelisahau. Nyuma yake nilisikia kuku, na mtu anapita akipiga hodi kwa jirani.

"Nani kakwambia?" akauliza taratibu.

"Umeniambia mwenyewe."

"Lini?"

Nikamwambia kwamba jana yule kijana hakuwa anacheka, alikuwa amepiga magoti, na kwamba babaye alikuwa na kikombe mkononi muda wote ule na hakukiweka chini hata mara moja.

"Hakukiweka?"

"Hakukiweka."

"Alikishika vipi? Kwa sikio lake au alikikumbatia? Ngoja, ngoja, usiseme bado." Nikasikia anavuta kigoda, anakaa. Akairudisha simu sikioni. "Haya. Anza mwanzo."