Mguu wa Tano

Sauti ilikuwa ileile, na ilikuja saa zilezile, giza likianza kupauka. Ngo, ngo, ngo. Vidole vikigonga mpira. Kisha mtu akasema kwa upole, "Hodi."

Bi Sindano alikuwa macho kitandani, shuka limemfika kidevuni, akatabasamu. Naam, alitabasamu! Mwingine angepiga yowe akaamsha mtaa mzima, maana aliyekuwa akibisha hodi huko uani ni mumewe, na mumewe walishamzika tangu kiangazi kilichopita. Yeye alingoja tu hodi ile, akanong'ona, "Karibu," akageukia ukutani akalala usingizi mtamu ambao mchana kutwa haukumjia.

Mumewe alikuwa Fundi Saa. Alitengeneza saa za mkono na za ukutani kwenye meza iliyokuwa sebuleni karibu na dirisha, na kazi hiyo aliifanya kwa sikio kuliko kwa macho. Alisema macho yanadanganywa na rangi, lakini sikio halina rushwa. Basi hata gari lao dogo, lile la kila siku la kwenda sokoni na kazini, alilikagua kwa sikio. Kabla ya safari yoyote alilizunguka, akainama, akagonga kila tairi kwa vifundo vya vidole. "Hodi!" Likilia vizuri, alijijibu mwenyewe kwa sauti nene ya tairi, "Karibu!" Likilia bovu, alitikisa kichwa akasema, "Mwenyewe hayupo." Hilo halisafiri.

Akimaliza manne ya chini, alifungua buti akagonga na lile la akiba. Watoto wa jirani walikuwa wakimfuata nyuma wakicheka, naye akiwauliza, "Gari lina miguu mingapi?" Wakisema minne, anawazomea. "Mitano, enyi vichwa maji! Mmoja umelala."

Alifia kwenye kiti chake, moyo ulisimama ghafla, saa ya mtu iko wazi mbele yake na matumbo nje. Bi Sindano alikuwa upande wa pili wa sebule akishona sare za shule, na hakusikia chochote. Hilo lilimuuma kuliko yote. Yeye, mke wa mtu mwenye masikio, hakusikia.

Ndiyo maana wateja walipokuja na kuuliza, "Fundi yupo?" alijibu, "Ametoka." Atarudi lini? "Pitia siku nyingine, baba." Wengine walijua, wakaondoka wameinamisha vichwa. Wengine hawakujua, wakarudi mara tatu, mara nne, na saa zao zikaendelea kukaa drooni. Binti yake wa pekee, nesi katika zahanati ng'ambo ya kilima, alimkemea mpaka akachoka. "Mama, unawadanganya watu." Mama alikanyaga cherehani kwa nguvu zaidi ili asisikie.

Sasa, gari lilikuwa linaendeshwa na huyo Nesi. Kila mwanzo wa juma alivuka kilima kwenda kazini, mwisho wa juma akarudi kwa mama, gari likalala uani, na ni alfajiri hizo tu hodi ilipokuja. Matairi yalikuwa yameisha, mifereji yake imefutika, yanang'aa kama vipara vya wazee. Hilo kila mtu aliliona. Nesi alimwachia mama yake kazi moja tu: anunue mengine, ya bei nafuu lakini ya kudumu, yanayofaa jua na mvua, kabla masika hayajaingia. Bi Sindano aliitikia ndiyo, ndiyo, na hakununua.

Unajua kwa nini? Kwa sababu ya ile hodi. Mumewe alikuwa anayajua matairi yale kwa sauti, moja moja, kama mama anavyojua vilio vya wanawe. Akija alfajiri akute miguu migeni, si ataona amekosea nyumba? Si ataenda zake? Kwa hiyo alikwenda kwa muuza matairi, akayashika, akayatia kasoro, akarudi mikono mitupu.

Muuza matairi huyo waliwahi kumwita Bwana Upepo enzi za kuwajazia watu matairi upepo kwa pampu ya mguu, na jina likamganda. Alikuwa rafiki wa marehemu, kwa hiyo alimwita mama huyu shemeji, na alimvumilia. Lakini uvumilivu una mwisho.

"Hili gumu," alisema Bi Sindano.

"Haya, hili hapa."

"Hili laini mno."

"Na hili?"

"Sura yake siipendi."

"Shemeji!" Bwana Upepo akashika kiuno. "Unachagua tairi au unachagua mchumba?"

Mafundi wa pale dukani wakacheka. Bi Sindano, ambaye kwa ulimi hakuitwa Sindano bure, akamjibu kwamba kama angekuwa anachagua mchumba asingekanyaga pale hata kwa dawa. Akaondoka. Njiani alijisikia vibaya, lakini alfajiri hodi ilikuja, na ubaya ukaisha.

Kisha mvua ikanyesha.

Nesi aliingia nyumbani jioni ile viatu mkononi, tope hadi magotini, hakutoa hata shikamoo. Alisimama katikati ya sebule.

"Mama, leo ungenizika."

Gari lilimteleza kwenye kona ya mteremko. Alikanyaga breki, matairi yakapanda juu ya maji kana kwamba hayagusi barabara, likazunguka kama pia, likasimama kitako kikiwa ukingoni. Chini ya ukingo ule kuna korongo, na mama alilijua. Watu waliokuwa wakipita ndio waliolisukuma likarudi barabarani.

"Ulisema saizi yetu haipo dukani," Nesi alisema. "Nimepitia kwa Bwana Upepo sasa hivi. Yamejaa hadi darini! Kwa nini, mama? Nimekukosea nini?"

Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama. Bi Sindano alikaa kwenye kiti cha mumewe, kiti ambacho hakuna aliyewahi kukikalia tangu siku ile, akaficha uso kwa kanga. Hakuweza kumwambia. Angemwambia nini? Kwamba nusura amuue mwanawe aliye hai ili asikie vidole vya aliyekufa? Aliogopa. Alijiogopa yeye mwenyewe.

"Kesho," alisema ndani ya kanga. "Kesho asubuhi nanunua."

Na kesho yake alinunua, tena safari hii alichagua kwa akili. Bwana Upepo alimpangia matatu ya saizi yake ukutani. La kwanza lilikuwa rahisi kuliko yote, jeusi, linameta.

"Hilo linauzwa sana," alisema, "lakini wewe ni shemeji yangu. Njoo." Alimwonyesha tarakimu nne ubavuni, ndani ya kiduara. "Tairi lina tarehe ya kuzaliwa. Hizi mbili ni wiki, hizi ni mwaka. Mpira huzeeka hata ukiwa umekaa rafuni bila kazi. Unaliona jipya, kumbe bibi kizee aliyepakwa mafuta."

Bi Sindano akaruka hadi la pili.

"Hilo gumu. Litakuzikeni nyote kwa kudumu, lakini kwenye maji ni sabuni. Hapa sasa." Akalipiga lile la tatu kofi. "Chimba ukucha. Unaona? Limeingia kidogo, likarudi. Halijalegea, halijakakamaa. Mifereji mirefu ya kutema maji, na mabega mazito ya kustahimili jua. Kiangazi linakwenda, masika linakwenda. Bei yake ya katikati. Rahisi ghali, shemeji, hilo unalijua wewe mwenye kununua vitambaa."

Bi Sindano aliinama. Mbele ya mafundi wote, bila haya, akagonga kwa vifundo vya vidole. "Hodi." Mpira ukajibu kwa mlio mnene ulioshiba. Mafundi hawakucheka. Walimjua aliyekuwa akigonga vile.

"Nipe manne," alisema.

Walipokuwa wakiyafunga, Bwana Upepo aliuliza, "Na la akiba?"

"Lipo butini. Jipya kabisa, halijagusa lami tangu tununue gari."

Bwana Upepo akafungua mdomo kusema jambo, lakini mteja mwingine akapiga honi nje, naye akakimbilia huko.

Usiku ule Bi Sindano alijilaza kama mtu anayengoja hukumu. Kulipoanza kupauka alikuwa hana tumaini lolote. Hatakuja. Amekuta miguu ya watu.

Ngo, ngo, ngo.

Moyo wake uliruka kwa furaha hata akashika kifua. "Hodi," sauti ilisema. Amekuja! Hakukosea nyumba! Kwa ile furaha, na kwa mshangao, ulimi ulimganda, na kwa mara ya kwanza tangu sauti ile ianze kuja, hakunong'ona "Karibu." Palikuwa kimya. Na kwa kuwa palikuwa kimya, akasikia kilichofuata, ambacho kila mara alikuwa akikifunika kwa jibu lake mwenyewe.

"Mwenyewe hayupo."

Ilisemwa kwa uchovu, kama inavyosemwa na mtu ambaye ameshasema sana na hasikilizwi.

Alikaa kitako, akatega sikio. Ngo, ngo, ngo tena. Haikuwa inalizunguka gari. Haijawahi kulizunguka. Ilitoka mahali pamoja, nyuma, imezibwazibwa, kama mtu anayegonga chini ya zulia. Ilitoka ndani ya buti. "Hodi." Kimya. "Mwenyewe hayupo."

Ewe Mola. Miezi yote ile alidhani anasalimiwa. Kumbe mtu alikuwa kazini.

Hapo ndipo mama huyu alipopatikana. Maana alielewa palepale, wala hakuhitaji kufafanuliwa: akilitoa lile tairi, kazi ya mumewe imekwisha, na fundi akimaliza kazi huondoka. Alijilaza tena akijitetea. Si la akiba tu? Nani hulitumia? Limelala humo miaka yote halijamdhuru mtu. Na haya manne ni mapya, yana tarehe nzuri, mwenyewe ameyasoma. Aliachiwa nini kingine yeye? Droo ya saa za watu, kiti, na hodi moja ya alfajiri. Je, ni dhambi kubaki nayo?

Palipokucha alipika chai, akamfungia Nesi mkate. Nje mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye mapaa. Nesi alipakia begi kiti cha nyuma, akambusu mama, akawasha gari.

"Umenunua vizuri, mama. Nimekusamehe, sawa?"

"Sawa, mwanangu. Nenda salama."

Gari lilirudi nyuma taratibu, likageuka, likafika lango. Matairi mapya yalichora mistari mizuri kwenye tope. Bi Sindano aliyatazama. Akatazama buti. Mikono yote miwili ilikuwa imeshika nguzo ya baraza kana kwamba mtu anamvuta.

"Simama!" alipiga kelele. "Mwanangu, simama! Simama hapohapo!"

Alikimbia peku. Alifungua buti, akafunua zulia, akaling'oa tairi kwa mikono yake ya kushonea, likaanguka topeni. Kwa macho lilikuwa jipya kweli; vijinywele vya kiwandani bado vimesimama juu ya mpira. Akafuta vumbi ubavuni, akatafuta kiduara, akasoma. Lilizaliwa Nesi akiwa bado anajifunza kusoma. Akalibinya ubavu, nao ukapasuka mistari mistari kama kisigino kikavu, ufa mmoja ukameza ncha ya dole gumba.

"Mungu wangu," Nesi alisema nyuma yake. "Hili ndilo ningelifunga mlimani?"

Bi Sindano alipiga magoti topeni, akakunja vidole, akagonga. "Hodi."

Mlio ulikuwa mfu. Akangoja. Pengine alitaraji mtu mwingine aseme, lakini hakuna aliyesema. Kazi hii sasa ilikuwa yake.

"Mwenyewe hayupo," alisema.

Akasema tena, kwa nguvu, na mara hii hakuwa analiambia tairi. Kisha kilio chote ambacho hakukitoa msibani, mbele ya watu waliokuja kumpa pole naye akiwapikia chai, kilimtoka hapo langoni. Nesi alizima gari, akashuka, akamkumbatia kwenye tope lile lile, wakalia pamoja.

Bwana Upepo aliwapa la tano bila maneno mengi. "Nilitaka kukuuliza jana," alisema tu, akainamisha kichwa.

Jioni simu iliita. Nesi alikuwa amefika. Mlimani, kwenye kona ileile, msumari ulikuwa umemtobolea tairi la mbele na mvua inamwagika, akafunga la akiba, akaendelea na safari. "Limenibeba vizuri, mama. Utadhani si la akiba."

Mwisho wa juma Nesi alirudi, gari likalala uani, na alfajiri Bi Sindano alikuwa macho. Giza lilipauka. Jogoo aliwika, mtu akapita na baiskeli, mlango wa jirani ukalia. Alinong'ona, "Karibu," mara moja tu, kwa kujaribu. Uani palikuwa uani. Alilia kidogo, akaamka, akafagia.

Kabla ya adhuhuri alikuwa kwenye cherehani aliposikia hodi langoni. Mguu ulisimama juu ya kanyagio. Alikuwa mzee mmoja mwenye kofia, aliyekuwa amerudi mara nyingi kuulizia saa yake.

"Fundi yupo?"

"Mwenyewe hayupo," alisema Bi Sindano.

"Ametoka tena?"

"Hapana, baba. Amefariki." Akasimama, akavuta kile kiti cha karibu na dirisha, akakipangusa kwa kiganja. "Karibu ukae, nikutafutie saa yako."