Mlango wa Tatu wa Tenter Croft

Jumamosi ya mechi ya mwisho, saa nane mchana, Ellis Shorrock alimaliza kupaka chokaa mstari wa kona ya kaskazini, akafuta mikono kwenye suruali, kisha akabeba birika kuwapelekea chai watu arobaini na mmoja wa Mlango wa Tatu. Arobaini kati yao walikufa mwaka 1893. Wa arobaini na moja alikuwa muuza pai aliyechelewa kukusanya sahani zake mwaka 1931.

Walisimama pale pale pa siku zote, upande wa mashariki, ndani ya kamba, na kofia zao za sufu, wakinukia mvua, tumbaku na moshi kidogo. Hawakuwa na matata. Halmashauri ya mji iliwahesabu miongoni mwa watazamaji, kwa hiyo kila mechi klabu iliuza tiketi pungufu, na mwenyekiti hakuacha kulinung'unikia jambo hilo.

Kiwanja cha Tenter Croft kilifunguliwa mwaka 1887, mahali ambapo kiwanda kilikuwa kikianika vitambaa. Desturi ya viwanja vya huko ilijulikana na kila mtu: robo saa kabla ya filimbi ya mwisho, milango hufunguliwa, wenye haraka wakatoka. Wasio na kitu mfukoni nao walingoja nje robo hiyo hiyo, wakaingia bure kuonja mwisho wa mpira. Mwenyekiti wa kwanza, Bwana Josiah Bulcock, alichoka kuonjwa bure. Jumamosi moja ya mwaka 1893 akaamuru Mlango wa Tatu usifunguliwe. Jumamosi hiyo hiyo kiko cha mtu kilidondokea chini ya mbao za jukwaa, zikashika moto. Uchunguzi ulisema mlango ulikuwa wazi, ila watu walikuwa wamelewa. Tangu hapo wale arobaini wanangoja ufunguliwe waende nyumbani kula.

Kila mfanyakazi mpya wa kiwanja aliambiwa mambo mawili siku ya kwanza: choo kiko wapi, na kwamba atakayekutwa ndani ya ile kamba robo saa kabla ya filimbi ya mwisho hatoki tena mpaka mlango ufunguliwe. Akijaribu kuivuka, anajikuta amerudi mlangoni, amechoka kidogo.

"Umechelewa, kitukuu," alisema Amos Shorrock, akipokea kikombe. Alikuwa mfumaji wa miaka ishirini na tisa, na ndiye aliyemzaa babu yake Ellis. "Na unavyochechemea! Mtu akituona atasema wewe ndiye babu."

"Goti, babu."

"Goti! Mimi nilisimama kwenye mtambo saa kumi kwa siku, sikujua nina goti."

"Ungefika miaka sitini na nne ungelijua."

Wenzake Amos walicheka. Utani huo ulikuwa na umri wa miaka thelathini, lakini huko ndani vicheko vilikuwa haba, havitupwi.

"Haya, leo?" Amos aliuliza, sauti ikishuka. "Umemwona huyo Bulcock wako?"

"Namwona mapumziko."

Kiwanja kilikuwa kimeuzwa. Jumatatu mashine zingekuja kubomoa, zijengwe nyumba za ghorofa. Ellis naye alikuwa anahamia Morecambe kwa binti yake, Janice, aliyemtayarishia chumba chenye dirisha la kuelekea baharini. Angemchukua kwa gari mechi ikiisha. Lakini Ellis alikuwa amejiapiza kwamba hatalala kwenye chumba hicho ilhali Amos bado amesimama. Kwa miaka thelathini alikuwa ameujaribu mlango kwa funguo, kwa mafuta, kwa msumeno na kwa moto wa gesi. Msumeno uliisha meno. Mlango haukufungwa kwa kufuli, ulifungwa kwa amri, na amri hiyo ingevunjwa na mtu wa ukoo wa Bulcock tu. Yalihitajika maneno manne kwenye karatasi, *Mlango ulifungwa, sasa ufunguliwe*, na saini.

Wakati wa mapumziko timu ilikuwa imeshafungwa matatu. Bwana Gerald Bulcock, kitukuu wa Josiah na mwenyekiti wa sasa, alimkaribisha Ellis kwenye chumba cha wakurugenzi na kumpa pai.

"Ellis, mzee wangu! Miaka thelathini! Bila wewe hapa pangeota magugu."

"Karatasi, Bwana Bulcock. Uliniambia leo."

Bulcock aliisoma ile karatasi, akaigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi. "Hili neno la pili lazima liwepo?"

"Bila hilo haufunguki. Nimejaribu."

"Nikiandika ufunguliwe, nimeandika kwamba ulifungwa. Marehemu babu yangu ana barabara yenye jina lake mjini hapa, Ellis."

"Na wangu ana miaka zaidi ya mia hajala."

Bulcock alitazama dirishani. Watu wa Mlango wa Tatu walikuwa wakimtazama pia, bila hasira, kama watu wanaotazama saa ya stesheni.

"Basi, nenda," alisema. "Nitasaini. Nitakutumia bahasha huko huko, uwasomee mwenyewe. Itafika mapema."

Ellis alirudi akavuka kamba, akangoja. Upande mwingine walifunga la nne. Amos alivua kofia, akachana nywele kwa vidole.

"Mke wangu alisema atapika utumbo na vitunguu," alisema. "Atakuwa amenuna."

"Atakusamehe."

"Humjui yule."

Muuza pai alikuwa amepanga sahani zake vizuri. Mtu mmoja aliwafundisha wenzake jinsi ya kutoka bila kusukumana.

Saa ya juu ya jukwaa ilikuwa imebakiza dakika mbili kufika robo ile. Bahasha ilikuja ikipitishwa mkono kwa mkono. Ilikuwa nene. Ellis alitafuta miwani, akaikosa, akaipata kwenye paji la uso, Amos akamwambia ndiyo hayo, uzee. Akachana bahasha. Ndani mlikuwa na kitabu kipya chenye picha ya kiwanja: *Historia ya Tenter Croft*. Ukurasa wa kwanza mwenyekiti alimshukuru kwa utumishi wake, kwa mwandiko mzuri. Ellis alipekua kutafuta karatasi. Haikuwemo. Alifika ukurasa wa tisa.

"Soma kwa sauti," alisema Amos.

"'Mlango wa Tatu ulikuwa wazi wakati wote.'"

Amos alirudisha kofia kichwani.

"Ulikuwa umefungwa," alisema Amos kwa upole, kama anayemrekebisha mtoto hesabu. Kisha akainua macho kwenye saa. "Ellis. Toka. Toka sasa hivi!"

Ellis alikimbia jinsi goti lilivyomruhusu. Aliinama chini ya kamba, akajikuta mlangoni, amechoka kidogo.

Amos alisogea, akampisha pale penye nguzo, mahali pazuri pa kuegemea. "Hapa hapana upepo," alisema. "Pumzika."

Filimbi ya mwisho ilipopigwa, mkaguzi wa halmashauri alipita na daftari lake, akahesabu vichwa mara mbili, akafuta arobaini na moja, akaandika arobaini na mbili.

Nyumba zilijengwa kuwazunguka. Mlango wa Tatu ulihifadhiwa kwa kuwa wa kale, ukapakwa rangi ya kijani, na kibao cha shaba kikapigiliwa upande wa barabarani: mlango huu ulikuwa wazi. Wenye nyumba waliandika barua ya adabu kuomba kelele zipunguzwe siku za Jumamosi, na zikapunguzwa.

Janice huja kila Jumamosi kutoka Morecambe na chupa kubwa ya chai. Chupa haipenyi katikati ya vyuma vya mlango, kwa hiyo humimina kikombe kimoja kimoja, mara arobaini na mbili, akianza na baba yake.

"Sukari umetia?" Ellis huuliza.

"Kijiko kimoja, baba. Ukitaka zaidi, toka uje uchukue."

Amos hucheka mpaka kofia inamwanguka. Kibao kina ukingo mpana kidogo kwa juu, na Janice huegemeza hapo kikombe kinachofuata wakati akimimina.