Kikohozi cha Njia ya Mto

Kaka alikuja na gari Jumamosi asubuhi, na mjini kwake alikuwa ameshatandika kitanda cha Baba kwenye chumba cha nyuma. "Baba akitembea mpaka darajani na kurudi bila kubabaika, nitanyamaza," alisema. "Akishindwa, jioni naondoka naye." Nikamwambia sawa.

Kaka hakujua kwamba Baba haoni. Tangu mwaka jana macho yake hayatofautishi mtu na mlango, na niliyeambiwa ni mimi tu. Lakini Baba alikuwa tarishi wa bonde hili tangu ujana wake, na njia ya mto anaijua kwa nyayo na masikio. Pale panapomshinda, mimi natangulia na kukohoa. Kikohozi kifupi ni jiwe, kirefu ni kona. Tulifanya mazoezi mpaka koo likanikauka.

Njia yenyewe ni rahisi, tambarare tupu. Tabu ilikuwa Kaka na mdomo wake usiofungika. Alisimulia habari za majirani, mafundi, dari inayovuja, na kila alipopaza sauti mlio wa mto ulipotea, Baba akabaki anabahatisha. Nilimwona amezika mikono mifukoni asije akapapasa hewani.

"Majani yamestawi mwaka huu," Baba alisema, uso ameuelekeza mtoni. Mzee huyu na uongo wake! Nilitaka kucheka, nikaona machozi yananitangulia.

"Na wewe, kikohozi hicho cha tangu lini?" Kaka akaniuliza. "Hebu kaa nyuma, utamwambukiza Baba." Akanishika bega, akanirudisha nyuma yao, akatangulia yeye. Ningebisha niseme nini?

Daraja ni mbao zilizopangwa juu ya magogo mawili. Kaka aliruka mahali fulani katikati bila hata kukatisha hadithi yake, ndipo nikaona kwamba ubao mmoja haupo. Jana ulikuwepo. Maji ya mvua ya usiku yalikuwa yanapita chini kwa fujo, na Baba alishaingia darajani, kidevu juu.

Nikakohoa, kifupi. Hatukuwa na kikohozi cha shimo. Baba akainua mguu juu zaidi, kama anayevuka jiwe, akaupeleka mbele penye hewa tupu.

"Baba, simama! Hakuna ubao!"

Nilimdaka ukosi wa koti. Kaka akageuka, akatazama lile pengo ambalo mwenye macho hawezi kulikosa, akamtazama Baba. Akarudi taratibu, akapunga mkono mbele ya uso wa Baba.

"Usinipepee," Baba akasema. "Sisikii joto."

Hakuna aliyecheka. Kaka aliketi pale pale darajani, akalia kama mtoto aliyepotezana na mama yake sokoni. Nilikuwa nimemkasirikia tangu asubuhi, na bado nikamwonea huruma.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Ungenichukua," Baba akajibu.

Nikamweleza Kaka habari ya vikohozi. Wakati wa kurudi alimshika Baba mkono, Baba akautoa. Basi Kaka akatangulia, na tulipokaribia kona akakohoa, kikohozi kibovu cha mtu asiyejua kuigiza.

"Hilo ni jiwe au kona?" Baba akauliza.

"Kona, Baba."

"Basi kirefushe, mwanangu. Mimi nakwenda nyumbani kwangu."

Kaka akakirefusha.