Wosia Kabla ya Upasuaji

…na huyu wakili bado anangoja, kalamu mkononi, Bi. Bochaberi, mdogo kuliko nilivyodhani, ameniuliza swali moja tu, "Bi. Emmaculate, shamba la Kosele litaenda kwa nani?" na mimi naikodolea macho kalamu yake, maana nikitaja jina nitakuwa nimekubali kwamba naweza kufa Jumatatu, pale Kisumu watakaponipasua watoe hiki kitu tumboni, daktari alisema ni kidogo, sasa mbona alinishika bega… "Ada yangu ni elfu kumi na tano, unalipa mara moja," anasema, labda anafikiri bei ndiyo inayonisumbua, "hiyo ni ya kuandika wosia na kukuwekea. Ukishaondoka, wanaorithi wataupeleka mahakamani, hiyo ni gharama nyingine. Na bila wosia huwa inapanda zaidi, hasa watu wakigombana," ukishaondoka, anavyolisema utadhani naenda soko la Oyugis na kurudi, pesa ninazo, nimeuza ng'ombe, kinachonitisha ni huko kugombana, nimetoka nyumbani nikiwa na jibu, Lorine, yote kwa Lorine, mtoto wa tumbo langu, kwa sababu Chrispine naanza kumwogopa, mrefu vile, sauti ya baba yake, juzi alisimama mlangoni akaniuliza, "Mama, hati ya shamba unaiweka wapi?" nikasema sijui, hati yangu mwenyewe, sijui, nikamkumbuka dada yangu Monicah siku ile aliporudi kutoka mochari akakuta shemeji zake wametia nyumba kufuli, akakaa nje na sufuria zake, mumewe hakuwa ameandika kitu… "Utahitaji pia mashahidi wawili, wasiwe wanaorithi," ndiyo, nasikia, mashahidi, na Chrispine aliletwa kwangu hata vifungo vya shati hajui kufunga, mama yake amefariki, marehemu mume wangu Obare akamsimamisha jikoni akasema, huyu sasa ni wako, na ndiye anayelima Kosele, si mimi na magoti haya, si Lorine aliye Nairobi, na pale mlangoni aliongeza neno, nilikuwa nimeshampa mgongo, alisema nini, "…paa linavuja upande wa kabati," ndiyo, paa, hati iko kwenye kabati, ingelowa, au alikuwa anatafuta kisingizio, sijui, sitajua, lakini hajawahi kunidanganya, na mimi nimekuja hapa kumfanyia yale aliyofanyiwa Monicah, tofauti ni kwamba mimi namlipa wakili… Mungu wangu, na hofu yenyewe haijaisha, imehama tu, sasa namwogopa Lorine, atakavyosoma, atakavyosema, Mama, mbona umenigawia nusu, na huenda nisiwepo kumjibu… "Mama?" Bi. Bochaberi ameinamia meza, kalamu haijagusa karatasi, "nimwandike nani?" na Jumatatu inakuja vilevile, na tumbo linauma, na majina ya kuandika ni mawili.