Chumba Walichopewa Samaki

Kabla ya samaki, kile chumba kilikuwa cha mama yangu. Papa Murhula alitamka hivyo mwenyewe, amesimama jikoni kwake, mtaa wa Himbi mjini Goma, na kikombe cha kahawa mkononi, huku mimi namenya viazi.

"Uwizeye, ile chambre ya nyuma iko bure. Umulete mama yako Dimanche, nimuulize. Kama anataka, mukuje muikale mule nyinyi wawili."

Nilikuwa mfanyakazi wake wa nyumbani. Kila jioni nilirudi kambini Kanyaruchinya, ambako mama alinisubiri chini ya turubai lililofungwa juu ya mawe ya volkano. Mawe yale hayapokei kigingi, na baridi yake hupanda kupitia mkeka mpaka mbavuni. Mama alikuwa anakohoa tangu mvua za kwanza, kikohozi kikavu cha kumkunja mtu mzima mpaka magoti yakagusa kidevu. Nilijua kwamba akibaki pale msimu wote atakufa. Sikuhitaji daktari wa kuniambia. Ndiyo maana siku ile nilimenya viazi vingi kuliko vya kuliwa, na niliimba.

Papa Murhula alikuwa mtu mwema. Nalisema mapema ili lisije likanishinda kulisema baadaye. Alikuwa mtu wa Bukavu, mke na watoto amewaacha huko kwa kuogopa vita, na Goma alifanya kazi katika shirika moja la misaada, kugawa maturubai na mablanketi kwa waliokimbia. Hakuwahi kunipigia kelele. Wema wake ndio ulionitesa, kwa sababu mtu mbaya unamtukana kimoyomoyo, ukalala.

Jumapili mama alikuja. Alikuwa ameazima kitenge cha Dancille, jirani yetu wa kambini ambaye kamba za turubai lake zilishikana na zetu, na miguu alikuwa ameisugua kwa jiwe mpaka ikang'aa. Nyiransengimana wa Kibumba, aliyekuwa anauza karoti na kabichi kwa magunia kabla vita havijatufukuza, hangeingia nyumba ya watu na vumbi la kambi. Papa Murhula akamletea chai. Mama akasema ameshiba. Papa Murhula akairudisha chai jikoni.

Kwetu, mgeni anayekubali kitu mara ya kwanza ni mlafi. Unakataa, mwenyeji anasisitiza. Unakataa tena, kwa sauti ndogo zaidi, ukitazama chini. Mwenyeji anajifanya kukasirika, ndipo unanyoosha mkono. Kila mtu anaujua mchezo huo tangu utotoni, na hakuna aliyewahi kufa njaa kwa ajili yake. Huenda hata kwao Bukavu wanaujua. Lakini miaka ya kazi ya misaada ilikuwa imemfundisha Papa Murhula kuwauliza watu swali na kuondoka na jibu.

"Mama, kule Kanyaruchinya maisha iko namna gani?"

"Iko muzuri tu, papa. Mungu anatuchunga."

"Baridi haiko mingi?"

"Baridi! Sisi watu wa Kibumba tulizaliwa ndani ya baridi."

"Munakosa nini?"

"Hatukose kitu."

Alisema hivyo huku akikibana kikohozi kifuani mpaka mishipa ya shingo ikamsimama.

"Basi mama, niko na chambre hapa nyuma. Unaweza kuja kuikala mule na mutoto wako. Unataka?"

Mama akatazama mikono yake. "Aksanti sana, papa. Tusikusumbue. Kule tuko bien."

Nikangoja. Mama naye akangoja. Papa Murhula akatikisa kichwa kwa heshima kubwa kabisa, akasema, "Sawa mama, nimesikia," akamsindikiza mpaka kwenye geti. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sahani. Binti hamkani mama yake mbele ya mwenyeji. Afadhali azivunje sahani zote.

Njiani sikuvumilia. "Mama, ulikataa ya nini?"

"Sikukataa. Nilijibu vizuri tu."

"Alikuuliza kama unataka!"

"Mara moja. Mutu akikuuliza mara moja tu, unaruka kama mbwa yenye iliona mufupa? Atasema nini juu yetu, kama tulikosa mambo yote, tulikosa na akili? Tutangoja. Atauliza tena."

Basi mama akaanza kungoja. Kila jioni, kabla sijavua viatu: "Leo hakuuliza?" Na mimi kila jioni: "Bado, mama." Sikuthubutu kumwambia ninachokiona Himbi, kwa maana wiki ile ile fundi wa vioo alikuwa amekuja na kukipima kile chumba.

Papa Murhula alitaka kufuga samaki wadogo. Si wa kula. Wa kutazama. Nilidhani ananitania, mpaka kioo kilipofika, kirefu kuliko kitanda, kikawekwa juu ya meza ya chuma pale pale ambapo akilini mwangu nilishatandika godoro la mama. Chini alitaka udongo mweusi wenye rutuba, ili majani ya majini yapate pa kushika mizizi, na udongo mzuri kuliko wote anaoujua mtu wa Goma ni wa Kibumba. Wanawake waliokuwa wanajiiba kwenda kuchimba viazi mashambani mwao, nyuma ya wanajeshi, walimletea gunia. Kwa kuhatarisha roho zao walileta viazi vya watoto wao, na kwa fedha ya Papa Murhula wakaleta udongo wa samaki. Juu ya udongo tulimwaga mchanga, niliouosha mwenyewe kwenye beseni mpaka maji yakatoka meupe. Juu ya mchanga tukapanga mawe ya volkano, yale yale. Kwenye kioo, nakubali, yalipendeza.

Maji ya ziwa aliyakataa. Alisema yana chumvichumvi nyingi, samaki wake ni wa vijito vya msituni, yatawachoma. Yalihitajika maji ya mvua, tena mvua ikianza niiache kwanza ioshe majivu ya volkano juu ya mabati, ndipo nitege pipa. Nilitega. Mvua iliyokuwa inaingia mkekani kwa mama usiku, mchana naitega kwa ajili ya samaki. Majani yalikuja kwa ndege kutoka Kisangani, yamefungwa ndani ya magazeti mabichi, na nikayafunga juu ya mawe kwa uzi wa kushonea, moja moja, kwa vidole vyangu.

Halafu akaingiza kijiti cha umeme cha kupasha maji joto, kwa sababu Goma ni baridi mno kwa viumbe wale. Akanunua na betri, umeme ukikatika joto lisishuke. Nikamuuliza samaki wako wapi.

"Bado. Maji inapaswa kuiva kwanza. Ukiweka samaki mbiombio, watakufa."

Wiki baada ya wiki, chumba kile kilipashwa joto kwa ajili ya maji. Hapakuwa na kiumbe ndani. Maji na majani, taa juu, mlango unaofunga, dari lisilovuja. Niliingia kila asubuhi kufuta kioo, mikono imekufa ganzi kwa baridi ya barabarani, nikawa naiegemeza pale kwenye kioo mpaka inarudi uhai. Sijawahi kukionea kitu wivu kama nilivyoyaonea wivu maji yale.

Hatimaye nilimwambia Papa Murhula. Alikuwa anapunguza majani kwa mkasi mdogo, mikono ya shati imekunjwa, ana furaha.

"Patron, mama anaweza kuja kuikala hapa."

"Alibadilisha mawazo?"

"Hakubadilisha. Alikuwa anataka tangu mwanzo."

Akaniangalia kama mtu anayesikia hesabu isiyotoka. "Uwizeye, mwenyewe aliniambia kule iko bien. Ni mutu muzima. Kila siku naambiaka équipe yangu, musiwaamulie wale watu, muwasikilize."

"Umuulize tena. Kwetu njo vile, patron. Wanaulizaka tena."

Aliweka mkasi chini. "Sawa. Hii aquarium ikishajaa maji haibebwake, lakini tunaweza kuweka kitanda pembeni. Samedi niko na distribution kule kule. Nitamuuliza."

Ilibidi sasa nimwambie mama habari za samaki, asije akashtuka. Wiki ile walikuwa wamefika, ndani ya mifuko ya plastiki iliyojazwa hewa, wadogo kuliko ukucha wa kidole, kila mmoja na doa la buluu linalong'aa juu ya jicho.

"Wa kukula?" mama akauliza.

"Wa kuangalia."

"Nao walikimbia vita?"

"Hapana, mama. Walinunuliwa."

Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata. Kilipomwachia akauliza wanalalia nini, nikamwambia mchanga, na chini ya mchanga udongo wa Kibumba. Kicheko kikaisha. Akavutavuta uzi wa mkeka.

"Wa shamba ya nani?" akauliza.

Jumamosi Papa Murhula alikuja kweli. Alikuja na gari la shirika, amevaa gileti yenye alama, wenzake wawili nyuma yake, na mstari wa watu wanaongoja maturubai ulikuwa unapita mbele ya mlango wetu. Mtu yule aliacha kazi yake, akainama mpaka usawa wa mama, akasema kwa sauti ya kusikika, ili mama asije akadhani ni siri mbaya:

"Mama, nimekuja kuuliza tena. Unataka kuja kuikala kwangu, Himbi?"

Macho ya mama yaliwaka. Niliyaona. Kisha akainua kichwa, akauona mstari. Alimwona Dancille na kichanga chake mgongoni. Aliwaona wazee wa Kibumba waliokuwa majirani zake wa mashamba, wote wameacha kuzungumza, wote wanangoja kusikia Nyiransengimana atasema nini.

"Papa," akasema, "na hawa nitawaacha na nani? Unisaidie na bâche tu."

Wakampa turubai. Jioni ile ile alimpa Dancille, kwa sababu ya mtoto.

Nilimgeukia kwa hasira ambayo sijawahi kumwonyesha. Nilimwambia atakufa na heshima yake mkononi. Hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyechoka kumfundisha mjinga.

"Aliniuliza mbele ya watu. Namna gani mutu anauliza kitu kama ile mbele ya watu? Sasa anajua. Atakuja peke yake, tutaongea."

Huenda angekuja. Lakini mapigano yalirudi upande wa Kibumba, mabomu yakawa yanasikika mpaka sokoni, na magari ya shirika yakakatazwa kwenda kambini. Nilimwomba Papa Murhula anisaidie kumchukua mama kwa pikipiki, akubali asikubali. Alisema moja kwa moja: "Uwizeye, mama alinijibu mara mbili. Ya tatu itakuwa kumulazimisha." Na alinipa dawa ya kikohozi, ya kweli, nzuri, kutoka duka la dawa la mjini. Mama aliinywa mpaka chupa ikaisha. Mvua ilinyesha bila kupumua. Turubai letu la zamani lilichanika upande wa kichwa, nikalishona, likachanika pembeni ya nilipolishona. Siku tuliyombeba mpaka kwenye kituo cha afya alikuwa hawezi tena kumaliza sentensi, na bado aliwaomba radhi vijana waliobeba machela kwamba anawasumbua. Alifia pale, asubuhi, mapafu yamejaa. Mimi nilimfunga macho.

Tulikaa kilio pale pale kambini, juu ya mikeka. Papa Murhula alikuja kwa gari la kukodi, na mchele na sukari. Safari hii alikuwa peke yake, bila gileti, na alikaa chini kama wengine. Aliwasalimia wanawake mmoja mmoja. Kisha akaanza kulia, na alilia vibaya, kama mtu asiyezoea.

"Niliuliza, Uwizeye. Mara mbili niliuliza. Juu ya nini hakuniambia?"

Nilitaka kumng'ata. Nilimchukia yeye, nikamchukia mama, nikayachukia mafundisho mazuri ya watu wazuri yaliyokutana juu ya kifua cha mwanamke mmoja yakakibana mpaka kikaacha kupumua. Lakini machozi yake yalikuwa ya kweli, na mimi nilikuwa nimechoka.

Akajifuta uso. "Wewe peke yako hapa, na hii baridi, haifae. Ile chambre, kama unataka, kuko fasi pembeni ya—"

"Nataka," nikasema.

Alikuwa hajamaliza. Akanitazama.

"Leo," nikaongeza.

Kwetu msiba haukimbiwi. Mtoto wa marehemu hukaa mkekani mpaka siku za kilio ziishe, ndipo anainuka. Nilisimama, nikakunja blanketi, nikachukua sufuria na viatu vya mama, nikawapita wanawake wote waliokuwa wamemlilia pamoja nami. Nilipofika kwenye gari nilimsikia Dancille akiwaambia wengine, polepole, lakini si polepole vya kutosha:

"Hata kidogo hakukataa."

Nilipanda mbele, nikafunga mlango.