Nilisema Kichomi

Kwetu Ugalla mtu akishika kifua tu, jina la ugonjwa liko tayari: kichomi. Nami nilikuwa hodari wa kulitaja. Mume wangu Method Lyamba, mrina asali, ugonjwa wake niliupa jina hilo mimi mwenyewe kabla hajamaliza kusema.

Method alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye mikono isiyokwisha. Wenzake walimtania kwamba anaweza kumkuna jirani mgongo bila kutoka kwake. Mimi niliipenda mikono ile. Akinikumbatia ilinizunguka ikabaki, na mpaka leo, miaka mitatu, nikiamka asubuhi mgongo wangu unaitafuta. Sioni haya kusema. Ninamtamani mume wangu.

Siku ile alirudi kutoka porini saa nne asubuhi, ameuacha mzinga njiani. Alikuwa na miaka thelathini na moja.

"Mama Mercy, kuna kitu kimechanika. Kimeanzia hapa kifuani, kimeshuka mgongoni."

"Hicho kichomi, Baba Mercy. Twende zahanati."

Kule nesi alimuuliza yeye, nikajibu mimi, kama tufanyavyo wote tukimsindikiza mgonjwa. Kichomi, nikasema, tangu asubuhi. Method alionyesha mgongo kwa kidole, akanitazama, akaniacha niongee. Akachomwa sindano. Tukiwa tunasubiri pikipiki ya kumpeleka Mpanda, akanilalia begani, akafa. Daftarini waliandika nilichosema. Msibani watu wakasema siku zake zilifika, nami nikalishika neno hilo kwa mikono miwili, nikarudi nalo kwa wazazi wangu Magamba pamoja na binti yetu Mercy.

Mercy ana miaka kumi na moja. Kamchukua baba yake mzima mzima: vidole, shingo, mikono. Nilizoea kumwita akae nyuma yangu anisuke, ili mikono ile inipitie mabegani. Mwezi uliopita alianza kutoona ubaoni, nikampeleka hospitali Mpanda kupimwa macho. Daktari wa macho, Dokta Séverine, mtu wa maneno machache, aliyatazama macho, kisha akayaacha akashika vidole vya Mercy. Akaipima mikono yake kwa tepu, akausikiliza moyo, akanigeukia.

"Baba yake yuko wapi?"

"Alifariki. Kichomi," nikasema, halafu nikajisahihisha. "Hapana, dokta. Yeye alisema kitu kimechanika, kutoka kifuani mpaka mgongoni. Kichomi nilisema mimi."

Dokta akaweka kalamu chini. Akanieleza taratibu kwamba ziko koo za watu wenye mikono na vidole virefu hivi, na macho yenye shida, ambao mshipa wao mkubwa unaotoa damu moyoni hulegea, hutanuka bila mtu kusikia chochote, kisha siku moja unachanika. Kijana mzima anaondoka hivyo hivyo.

"Wangapi huku kwetu wameandikwa kichomi, mama, hatujui. Hatukuwapima."

Mercy alipoingizwa chumba cha kupima moyo, nilikaa kwenye benchi nikimwomba Mungu jambo ambalo sikuwahi kudhani nitaliomba: mtoto asifanane na baba yake.

Amefanana naye. Mshipa wake umeanza kutanuka, kidogo. Atakunywa vidonge kila siku, asibebe mizigo mizito, apimwe kila baada ya miezi sita. Ukizidi atapewa rufaa ya Dar es Salaam akafanyiwe upasuaji.

"Tumeuwahi," dokta akasema. "Huyu tutamtunza."

Nilimshukuru mpaka nikapiga goti. Mercy alikuwa anaigeuzageuza pakiti ya dawa mkononi.

"Mama, na baba angepewa hizi?"

"Angepewa."

"Kwa hiyo angekuwepo?"

Nilitaka kumwambia siku zake zilifika. Neno lenyewe halikutoka.

"Angekuwepo, mwanangu," nikasema, na pale pale hospitalini nikaanza kumlilia Method kama aliyefariki asubuhi ile.